Mzee Aliyepima Ringi Zangu

Nilikuwa nimesimama juu ya jukwaa la mbao, nikimfokea dereva wa lori aliyeniletea kokoto zilizojaa udongo, simu ilipotetemeka mfukoni. Ujumbe ulikuwa mfupi: mzee wa mistari ametutoka alfajiri, anazikwa leo baada ya sala ya adhuhuri. Nilishuka, nikamwachia dereva kokoto zake, nikaingia garini. Sisi wengi wa huku ziwani tukifiwa tunapewa wiki mbili za kushona sare, kukodi mahema na kugombania nani atahutubia. Wenzetu Waislamu wa mjini hawakungojei. Nilifika makaburini wanaume wakisawazisha udongo wa mwisho, nikaomba koleo nami nikatupia kidogo. Ndipo mwanawe mkubwa akanishika mkono, akaninong'oneza: "Bwana kontrakta, unajua baba alimwambia nini daktari jana jioni? Alimwambia kitanda hakijakaa sambamba na ukuta." Nikacheka. Nilicheka makaburini, mbele ya shehe, nikiwa na viatu vyenye simiti. Kijana wake naye akacheka, jirani akacheka, hata shehe akainamisha uso akajifanya anakohoa. Kwa hiyo mtanisamehe leo nikishindwa kuandika kwa machozi. Mzee huyu hanilizi. Kila nikimkumbuka ni kama mtu ananitekenya mbavu.

Mnaonisoma kila wiki mnanijua, na asiyenijua ngoja nijitambulishe, maana sijawahi kuona faida ya kujificha. Mimi ni mtu wa darasa la sita. Nilianza kwa kubeba maji ya mafundi pale mtaa wa Nyalenda, na leo nina malori mawili, nina nyumba ya ghorofa niliyoichora mwenyewe nyuma ya kalenda, na nina viwanja kumi na kimoja vya mpira wa kikapu nilivyovimwagia zege kwenye shule za Kisumu na kandokando ya ziwa. Kumi na kimoja! Wapo wahandisi wenye vyeti ukuta mzima ambao hawana hata kimoja. Mkipita barabara ya Busia mkaona watoto wanadundisha mpira kwenye sakafu isiyo na shimo, jueni huo ni mkono wangu. Ila sakafu bila mistari ni mahali pa kuanikia mahindi tu, na mistari hiyo karibu yote aliichora yeye.

Ndiyo, mchora mistari. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mvi. Alizaliwa hapa mjini, babu yake alikuja na reli kutoka pwani akaoa huku, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kutushinda sote na Kijaluo cha kukutukania usijue umetukanwa. Alikuwa na kamba moja yenye mafundo, kila fundo na kazi yake: mita ishirini na nane za urefu, kumi na tano za upana, moja na sentimita themanini toka kitovu hadi ukingo wa duara la katikati. Kuandika aliandika kwa shida kama mimi, lakini vipimo alivijua kama mtu anavyojua majina ya wanawe. Ukimwambia una kiwanja cha ishirini na nane kwa kumi na tano, swali lake la kwanza lilikuwa: "Na mtoto atasimamia wapi?" Maana alitaka zege izidi mistari mita mbili kila upande. Alikuwa akiniambia, "Bwana kontrakta, mtoto akikimbia hasimami juu ya mstari kama askari wa barabarani. Anaupita. Sasa akiupita aanguke kwenye mtaro wako?" Swali lake la pili lilikuwa jua. Kiwanja kilale kaskazini na kusini, alisisitiza, kwa sababu jua letu la jioni likishukia ziwani ni kali, na timu inayoshambulia upande wa magharibi inacheza kama watu waliomwagiwa maji ya sabuni machoni.

Na utunzaji! Hapo ndipo alipokuwa kero ya kweli. Mkandarasi mwingine akimaliza kazi anaondoka na vifaa vyake. Huyu alirudi. Angetokea shuleni bila kuitwa, akamwaga ndoo ya maji katikati ya kiwanja, akachuchumaa akiyatazama yanakwenda wapi. Maji yakituama mahali, alikuwa anapachorea chaki kama daktari anayetafuta uvimbe, kisha ananipigia simu: "Una kidimbwi." Udongo wetu mweusi wa huku mnaujua, kiangazi unapasuka na masika unavimba, na zege iliyo juu yake inapasuka nao. Ufa mwembamba kama uzi alitaka uzibwe siku hiyohiyo. Aliwafundisha wanafunzi kufagia wakianzia katikati kwenda nje, kwa sababu mchanga wa viatu ndio unaokula rangi. Kuna shule moja ilikuwa inaazima kiwanja chake kwa kina mama waanike omena, wale dagaa wa ziwani, na mzee hakuwafukuza. Alikaa nao chini wakakubaliana kwamba omena ikae juu ya maturubai na wakiondoka wasugue sakafu kwa sabuni. Kile kiwanja hadi leo ndicho kisafi kuliko vyote, japo paka hawakiachi.

Siku moja shule fulani ilikuwa na sherehe ya wazazi. Wageni wakawa wengi, magari yakakosa nafasi, na mlinzi akafungua kamba iliyozungushiwa kiwanja ili magari ya wakubwa yaegeshwe kiwanjani, juu ya rangi ambayo haikuwa hata na juma moja. Mzee alikuwa amekuja kuangalia kazi yake tu. Alipoona gari kubwa jeusi linakuja, alibeba ndoo yake tupu ya rangi, akaipindua katikati kabisa ya duara, akaikalia. Dereva akapiga honi. Mzee akatoa andazi mfukoni. Mlinzi akamkimbilia: "Mzee, toka hapo, yawa! Mheshimiwa anaingia!"

"Aingie, nani amemzuia?" mzee akajibu akitafuna. "Amevaa viatu gani?"

"Viatu vya nini? Yuko na gari!"

"Hapa ni viatu vya raba peke yake. Mwambie avue gari."

Niliona kwa macho yangu. Kioo kikashuka, mheshimiwa akachungulia, na nilidhani huyo mzee analala ndani leo. Kumbe mheshimiwa alianza kucheka mpaka akakohoa. Gari likarudi kinyumenyume hadi langoni, na sherehe nzima wazazi walikuwa wakiambiana, "Vua gari, bwana, vua gari." Mpaka leo mlinzi wa shule ile anakusalimia hivyo.

Lakini hayo ni mapambo. Jambo lenyewe linalonifanya niandike ni lile alilonitendea mimi, na sijawahi kuliandika hapa, kwa sababu katika safu hii hii niliwahi kujisifia kinyume chake.

Mtakumbuka shule ile ya wasichana upande wa Kisian. Nilijenga kiwanja chao, na baada ya hapo wasichana wale wakakaa miaka miwili bila kufungwa nyumbani. Miaka miwili! Shule kubwa za mjini zilikuja na mabasi na tarumbeta, zikaondoka kimya. Mipira ya wageni ilikuwa inapita juu ya ringi, inagonga ubao kwa nguvu na kuruka nje, na wageni walisema ni upepo wa ziwa. Mimi nikaandika hapa kwamba ni mkono wangu, kwamba zege yangu ina baraka. Shida ilikuwa moja. Wasichana hao hao wakitoka kwenda kucheza kwa watu, hawakufunga hata mtupo huru. Mpira ulikuwa unagonga ukingo wa mbele wa ringi na kuanguka. Walipigwa kule Bondo mara mbili, wakarudi wakilia. Na mimi, ambaye nilijiona mlezi wa timu, nilisimama mbele yao nikawaambia, "Nyumbani nyinyi ni simba, mkitoka mnakuwa kuku. Woga tu umewajaa." Mwalimu wao wa michezo alisema vivyo hivyo, na wazazi pia. Nahodha wao, msichana mfupi wa Nyalenda mwenye mikono mirefu, aliyekosa mitupo minne siku moja kule Bondo, alianza kusema anataka kuacha kucheza.

Mashindano mengine ya Bondo yalipokaribia, yakiwa yamebaki majuma mawili, shule ilimwita mzee apake mistari upya. Mistari ya kwanza pale hakuichora yeye. Wakati najenga alikuwa amekwenda Mombasa kwa dada yake, na mimi sikuwa na subira, nikachora mwenyewe. Sasa yeye alikuwa na desturi moja: hapaki rangi juu ya mstari wa mtu bila kuupima. Saa nne asubuhi akanipigia simu. "Bwana kontrakta, njoo. Njoo peke yako."

Nilimkuta amesimama chini ya ringi na ngazi ya shule, tepu yake ya chuma imening'inia kutoka kwenye ringi hadi chini. "Soma," akaniambia. Nikainama. Ringi huwa mita tatu na sentimita tano kutoka sakafuni, hata usingizini nalijua hilo. Tepu ilisema mbili na tisini na tano. Tukaenda ringi ya pili, ikawa vilevile. Tukapima mstari wa mtupo huru, ambao unatakiwa kuwa mita nne na sitini kutoka ubaoni, nao ulikuwa nne na hamsini. Kila kitu kimepungua kumi, kwa usawa, bila upendeleo.

"Tepu yako," akaniuliza taratibu, "ilikuwa nzima?"

Mafundi wote mnaosoma hapa mmeshajua. Tepu yangu ya wakati ule ilikanyagwa na lori, ikakatika sentimita kumi za mwanzo. Na nani anatupa tepu kwa ajili ya kumi? Unaanzia kumi tu. Aliye chini anaweka alama ya kumi sakafuni, aliye juu anaongeza kumi kwenye hesabu, na kazi inaendelea. Nusu ya nyumba za mji huu zimejengwa hivyo. Siku ile mwashi wangu alikuwa chini ameshika kumi, mimi juu ya ngazi na simu sikioni, nikimwambia mwalimu mkuu kwamba kiwanja kama hiki hajapata kuona tangu azaliwe. Mwashi akaita, "Omera, ndugu yangu, anzia kumi!" Nikamwambia, "Sawa, sawa," nikaweka alama kwenye tatu na tano, na ringi ya pili na mistari vikafuata mkondo huohuo. Yeye akaamini nimeongeza. Mimi sikuwa nimeongeza kitu ila sifa zangu.

Nilikaa chini pale kwenye zege. Kisha, kwa sababu mimi ni mtu wa biashara, nikaanza kutafuta njia. "Mzee," nikamwambia, "hawa watoto hawajafungwa hapa miaka miwili."

"Ndiyo maana nimepima."

"Tuziache mpaka mashindano yapite."

"Waende Bondo wakalie tena?"

"Basi Jumapili. Wakiwa kanisani naja na fundi wa kuchomelea, tunapandisha ringi, wewe unachora mstari mpya, hakuna anayejua. Nani atapima?"

Mzee alinitazama kama ninavyotazama kokoto chafu. "Wao watapima. Jumatatu watarusha mpira, ugonge mbele. Hapa nyumbani, palepale walipokuwa wanafunga. Kila mmoja ataenda kitandani akijua mkono wake umeharibika. Yule mdogo mwenye mikono mirefu hatarudi kiwanjani tena. Wewe utakuwa umeokoka, bwana, na mtoto wa mtu atakuwa amebeba kumi zako." Akaanza kukunja kamba yake. "Mistari sichori mpaka uwaambie. Uwaambie wewe, kwa mdomo wako."

Nawaambieni ukweli, niliona afadhali anidai malori yote mawili. Sijawahi kusimama mahali nikasema nimekosea. Mtu aliyetoka darasa la sita hana cheti cha kumtetea. Ana jina tu, na jina langu lote lilikuwa kwenye "kazi yake haina kasoro". Kontrakta akisema mbele ya watu kwamba hakuweza kuongeza kumi kwenye tatu na tano, nani atampa jengo? Nilizunguka kile kiwanja mara tatu. Mzee alikuwa amekalia ndoo yake, anakula andazi, hana haraka.

Jioni ya siku hiyo wasichana walikusanyika. Nilisimama kwenye mstari wa mtupo huru, mstari wangu wa uongo, nikawaambia yote: tepu, lori, ngazi, simu, na mwalimu mkuu niliyekuwa namsimulia sifa.   Nilidhani watalia. Ndipo yule nahodha mfupi akainua mkono kama yuko darasani.

"Kwa hivyo, Bwana kontrakta, ile siku ya Bondo... mimi sikuwa naogopa?"

 Mchora mistari ndiye aliyejibu. "Hukuogopa, binti yangu. Mkono wako ulikuwa sahihi kabisa. Ulifundishwa na tepu iliyokatika."

Msichana yule alitoa ukelele ambao nadhani wavuvi waliusikia. Wakaanza wote. Walikumbatiana, wakaruka, wakarusha viatu juu, wengine walilala kifudifudi kwenye zege wakiipiga kwa viganja wakicheka. "Hatukuwa kuku! Hatukuwa kuku!" Nilikuja kuungama nikajikuta kwenye harusi. Halafu mmoja akaanzisha wimbo papo hapo, wenzake wakapokea, kwamba Baba Kumi ametupunja kumi, arudishe kumi zetu, na wakanizunguka wakiimba, mimi mtu mzima mwenye kitambi na malori, nikageuka na kucheza nao, maana ungefanya nini? Mzee alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo. Jina lile halijanitoka. Nikisimama Kisian kununua ndizi, mama wa ndizi ananiuliza, "Baba Kumi, nikuongezee ngapi?"

Tulipandisha ringi siku iliyofuata, mchana, wao wakishika ngazi. Mzee alichora mistari, na kwa siku kumi na mbili wasichana walijifunza upya kurusha, wakikosa na kucheka, wakikosa na kucheka. Bondo tulikwenda nao, mimi na yeye, na jambo la kwanza alilofanya alipofika ni kupima ringi za wenyeji huku mwalimu wao akimkodolea macho. Zilikuwa sawa. Mchezo wa kwanza ulifika mwisho tukiwa tumelingana, nahodha akapewa mitupo miwili. Wa kwanza ukagonga nyuma ya ringi ukatoka, umezidi nguvu. Alitugeukia kule pembeni akicheka, meno yote nje, kama mtu aliyeambiwa habari njema. Wa pili ukaingia bila kugusa chuma. Mchezo uliofuata tulikutana na timu iliyotuzidi kwa kila kitu, tukapigwa vibaya, na yule msichana alikuja mbio akiwa ametota jasho: "Mzee! Leo tumefungwa vizuri sana!" Sijawahi kusikia mtu akifurahia hivyo kufungwa. Lakini nilimwelewa. Alikuwa amefungwa na watu, kwa haki, kwenye ringi yenye kimo halali.

Nimelifikiria jambo lile muda mrefu. Sisi tuliofanikiwa tunapenda kuwasema vijana: waoga, wavivu, hawana moyo, sisi wakati wetu tulibeba maji. Tunasema hivyo tukiwa tumesimama juu ya sakafu tuliyoimwaga wenyewe, chini ya ringi tuliyoitundika wenyewe tukiongea na simu. Hatujaipima. Tunapima watoto. Mtu akishindwa mbele yako, swali la kwanza lisiwe ana moyo gani. Liwe nani alijenga mahali alipofanyia mazoezi, na je, mjenzi huyo yuko tayari kuinama na tepu nzima mbele ya watu. Mzee hakusoma vitabu vya kusema hivi. Alikataa tu kupaka rangi nzuri juu ya mstari mbaya, akakalia ndoo akangoja mwenye kosa aseme.

Baada ya pale nilinunua tepu mpya, nikaanza kupitia viwanja vyangu. Tisa nilivikuta salama. Cha kumi ni hicho cha Kisian. Kimebaki kimoja, shule ya wavulana karibu na maji, nilikijenga mwezi uleule na tepu ileile, na kwa muda wote huu nimekuwa nikipita pale na gari nikitazama upande wa pili wa barabara. Mzee aliniuliza habari zake kila tulipokutana, nami nilimjibu kila mara kwamba nina kazi nyingi. Hataniuliza tena, na ndiyo sababu siwezi kuendelea kujibu hivyo. Jumatatu, wavulana wakiwa kwenye gwaride la asubuhi, nitakuja na fundi wa kuchomelea na nitasema mbele yao kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba kama mitupo yao imekuwa ikikosa ugenini, hawakuwa waoga, nilikosea mimi. Mwalimu mkuu, kama unasoma hapa na moyo umeanza kukudunda: ndiyo, ni shule yako. Tafuta ngazi.